Paka Mnene Hafungishwi: Makala ya Pili

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kumtambua paka aliyezidi unene: mbavu hazipapasiki, kiuno hakionekani ukimtazama kwa juu, tumbo linaning'inia akitembea. Leo tuingie kwenye tiba, kuanzia pale wenye paka wengi wanapoharibu. Wakiambiwa mnyama amenenepa mno, wanamnyima chakula.

Mbwa huweza kuvumilia siku kadhaa za njaa. Paka sivyo, na paka mnene ndiye dhaifu zaidi kwa hilo. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili hufungulia akiba ya mafuta kwa mkupuo, nayo yakalifurikia ini lisiloweza kuyachakata yote. Fizi na weupe wa macho hugeuka manjano. Paka hutapika, hulegea, hudondosha udenda. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba ini likishaumwa humwondolea hamu ya kula, na asipokula ini huzidi kuumwa. Mara nyingi huokolewa kwa kulishwa kwa mrija wiki kadhaa, tena kwa gharama kubwa.

Kwa hiyo mwendo ni wa taratibu. Madaktari wa mifugo hulenga paka apungue kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya uzito wake kwa wiki. Tuchukue paka wa kilo 7 anayetakiwa kufika kilo 5. Wiki ya kwanza asipoteze zaidi ya gramu 140. Akipungua gramu 70 kwa wiki, safari yake ni ya miezi sita au saba. Mizani ya bafuni haioni gramu 70. Tafuta ya kupimia watoto wachanga, umpime kila baada ya wiki mbili.

Kiasi cha chakula hukadiriwa kwa uzito anaotakiwa kuufikia. Paka huyu angeanzia kwenye kalori 190 hivi kwa siku, ambazo kwa chakula kikavu cha kawaida ni kama gramu 50. Pima kwa mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya, kisha gawanya mafungu manne au zaidi, kwa kuwa paka ameumbwa kula kidogo kidogo. Lakini kupunguza tu chakula kilekile humpunguzia pia protini na vitamini. Ndiyo maana kuna vyakula maalumu vya kupunguza uzito, vyenye protini nyingi na kalori chache. Cha kopo nacho husaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Akiwa na zoea la ugali uliolowekwa mchuzi, mwachishe polepole. Maziwa hayana ulazima. Huwaharisha paka wengi wakubwa.

Na kabla ya yote hayo, apimwe afya na daktari. Mwaka 2024 dunia ilimfahamu Kroshik, paka wa Perm, Urusi, aliyefikia kilo 17 hivi. Alikuwa akiishi kwenye chumba cha chini cha hospitali, akilishwa supu na biskuti, kwa mapenzi naamini. Kituo cha wanyama kilimchukua kumpunguza uzito. Alikufa Oktoba mwaka huohuo, na uchunguzi ukakuta uvimbe wa saratani ndani yake. Mafuta mengi huficha mengi.

Wenye paka wa kisukari wawe waangalifu zaidi. Paka akipungua, insulini iliyomtosha jana yaweza kumzidi leo na kumshusha sukari hadi kuzimia, kwa hiyo dozi irekebishwe na daktari pekee.

Mazoezi tutayazungumzia wiki ijayo. Kwa sasa shika hili: paka mnene akigoma kula chakula kipya, mrudishie kile cha zamani siku hiyohiyo, na akipitisha saa 24 bila kula chochote, mpeleke kwa daktari wa mifugo.