Alama zilizojazana juu ya skrini: zipi ziondoke, zipi zibaki?

Siku hizi akina mama wengi wanatunza hesabu za nyumbani, za duka au za kikundi cha kuweka na kukopa kwenye kompyuta ya mkononi. Baadhi yao wameinunua ikiwa imekwisha kutumika, wengine wameletewa na ndugu aliyeko ng'ambo. Ikiwa kompyuta yako ni ya Apple, itazame juu kabisa ya skrini. Utaona mstari mwembamba. Kushoto pana maneno ya menyu, na kulia zimejipanga alama ndogondogo mpaka kwenye saa. Katika kompyuta iliyopita mikononi mwa watu wengi, alama hizo huwa zimejazana kama vikombe katika kabati la sebuleni: nusu yake hakuna anayeitumia, wala hakuna anayekumbuka ilitoka wapi.

Je, zinamdhuru nani? Kama ingekuwa ni suala la urembo wa skrini tusingepoteza karatasi. Lakini nyuma ya alama nyingi iko programu inayofanya kazi sasa hivi, ingawa wewe hukuifungua. Moja inamaliza betri. Nyingine inamaliza bando la intaneti kwa kupeleka mafaili katika akaunti ya mwenye kompyuta wa zamani, ambaye hakujitoa alipoiuza. Kila utakachokiweka katika folda hiyo, naye atakisoma. Nyingine imepewa ruhusa ya kuitazama skrini yako yote.

Jinsi ya kuziondoa

Tuanze na alama zilizokuja na kompyuta yenyewe, kama za sauti, Bluetooth au betri. Kandamiza kitufe kilichoandikwa "command", usikiachie. Peleka kishale juu ya alama usiyoitaka, ibonyeze na uivute chini hadi itoke kabisa katika mstari. Ukiona alama ndogo ya x imetokea, achia. Imekwisha. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuzipanga upya, kwa kuzivuta kulia au kushoto bila kuzitoa. Saa haitoki, hata ukivuta mpaka jioni.

Ukijuta, fungua mipangilio ya kompyuta, yaani System Settings, uende sehemu ya Control Center; hapo kila alama unaweza kuirudisha. Katika mfumo uliotoka mwaka 2025 sehemu hiyo inaitwa Menu Bar.

Kitufe hicho cha "command" kina alama kama ua lenye vitanzi vinne. Aliyeichagua ni mwanamke, Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Aliikuta katika kitabu cha alama. Huko Sweden hutumika kuonyesha mahali penye jambo la kutazamwa. Alama zake alizichora kwanza katika karatasi ya miraba, 32 kwa 32, akijaza mraba mmoja mmoja. Mama aliyewahi kufuma kitambaa cha meza kwa kuhesabu nyuzi ataielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Alama za programu nyingine hazikubali kuvutwa zote. Hizo zibonyeze utazame orodha itakayofunguka. Mara nyingi mwisho wake pana neno Quit, maana yake funga. Lakini ukiishia hapo, kesho ukiwasha kompyuta itakuwa imerudi. Nenda katika mipangilio, sehemu ya General, kisha Login Items. Hapo zimeorodheshwa programu zinazojiwasha zenyewe. Iondoe usiyoihitaji. Kama huihitaji kabisa, itoe katika kompyuta yote, ikiwezekana kwa kiondoaji kilichokuja nayo.

Wenye Windows, alama zenu ziko chini kulia karibu na saa, na zimekuwapo hapo tangu Windows 95. Zivuteni tu mpaka ndani ya kimshale kilicho kando yake, zitajificha.

Kuficha si kufukuza

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Alama ikitoweka, programu yaweza kuwa bado inaendelea na kazi yake. Hata kompyuta zenyewe zinachangia: MacBook Pro zilizotoka mwaka 2021 na nyingine baada yake zina pengo la kamera katikati ya mstari ule wa juu, na alama zikizidi huingia nyuma ya pengo bila kukuambia. Ziko pia programu za kuficha alama. Mojawapo inayojulikana sana, Bartender, iliuzwa mwaka 2024 kwa kampuni nyingine bila watumiaji kuarifiwa, nao walipogundua walishtuka, kwa sababu programu ya namna hiyo huomba ruhusa ya kurekodi skrini. Sisemi kwamba ni mbaya. Nasema kwamba kwa alama kumi na mbili hatuhitaji mlinzi.

Sasa fikiria fundi aliyekutengenezea kompyuta, akaacha humo programu ya kuiendesha akiwa kwake. Alama yake ndogo ndiyo shahidi pekee uliye naye. Ukiificha, umemfukuza shahidi na kumwacha mgeni ndani. Kwa hiyo alama usiyoijua usiikimbilie kuivuta. Fungua kwanza Privacy & Security katika mipangilio, usome ni programu zipi zimeruhusiwa kuona skrini, kusikiliza kwa kipaza sauti na kuiongoza kompyuta, kisha uzinyime ruhusa zile usizozifahamu. Wala usiipuuze nukta ya rangi ya machungwa inayotokea upande wa kulia wa mstari: inakuambia kuwa kipaza sauti kinatumika.

Kwa kompyuta iliyotumika, mimi ningeacha kufuta alama moja moja. Hifadhi mafaili yako mahali pengine, kisha futa kila kitu uanze upya. Mashine nyingi zenye mfumo wa mwaka 2021 na kuendelea zina amri ya kazi hiyo, Erase All Content and Settings. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, kabla hujatoa fedha, na kompyuta ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikiwaka tena na kuonyesha maneno Remote Management, ujue imeandikishwa na ofisi au shule fulani ambayo bado inaweza kuiongoza kwa mbali, na kufuta kwako hakutaiondoa mikononi mwao. Hiyo mrudishie muuzaji papo hapo.