Kuchelewa kwa Sayari: Somo kwa Mwenye Lindo

Oraba ni kituo cha mpaka katika Wilaya ya Koboko, pale barabara itokayo Arua inapovuka kuingia Kaya, Sudan Kusini. Askari awekwaye lindo mahali kama hapo hana budi kuwa na saa na daftari: gari limepita saa ngapi, doria imerejea saa ngapi, nani amechelewa na kwa dakika ngapi. Wako waionao kazi hiyo kuwa ya makarani, isiyomfaa mpiganaji. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi kwamba kwa kazi iyo hiyo, ya saa na daftari, wataalamu wa nyota wamezigundua sayari ambazo hapana jicho wala darubini iliyopata kuziona.

Tuanze na mambo yaliyoonekana katika anga letu wenyewe. Tarehe 3 Novemba 2013, jioni, kabla ya Jua kutua, Mwezi ulipita mbele ya Jua. Watu waliokusanyika Pakwach waliliona Jua likifunikwa lote kwa sekunde chache. Huku Oraba, nje ya ule mkanda mwembamba wa giza, Jua lilimegwa tu. Miaka tisa kabla ya hapo, tarehe 8 Juni 2004, sayari ya Zuhura nayo ilipita mbele ya Jua kwa muda wa saa sita hivi, tangu asubuhi hadi mchana. Waliokuwa na vioo vya kukinga macho waliona kijidoa cheusi kikitambaa polepole. Wengine hawakutambua lolote, kwa maana doa lile lilizuia kiasi cha sehemu moja tu katika elfu ya nuru ya Jua.

Sasa nyota zote tuzionazo usiku ni majua yaliyo mbali mno, na nyingi kati yake zina sayari zinazozizunguka. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, nuru ya nyota hupungua kidogo, kisha hurudi kama ilivyokuwa. Marekani ilirusha angani darubini iitwayo Kepler mwaka 2009, ikakodolea macho nyota zaidi ya 150,000 na kupima nuru zao bila kuchoka. Hadi ilipozimwa mwaka 2018, sayari zaidi ya 2,600 zilikuwa zimethibitishwa kutokana na kumbukumbu zake.

Basi hapa ndipo saa inapoingia. Sayari iliyo peke yake hupita mbele ya nyota yake kwa vipindi visivyobadilika, mithili ya doria yenye nidhamu. Lakini ikiwa na jirani, jirani huyo huivuta kwa uzito wake, mara akiiharakisha, mara akiikawiza. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza habari za sayari moja ya nyota iitwayo Kepler-19, ambayo hupita kila baada ya siku 9 na saa 7 hivi. Walipozipanga nyakati zake mfululizo, waliona kuwa huwahi au huchelewa kwa dakika zipatazo tano, na kwamba kuwahi na kuchelewa huko hujirudia kwa mzunguko wa siku 300 hivi. Hapo walitambua kuwa iko sayari ya pili, ambayo njia yake haipiti baina yetu na nyota ile, kwa hiyo haijifichui kwa kivuli chake. Ilijulikana kwa dakika tano za mwenzake.

Njia hii hutoa pia uzito. Nyota iitwayo TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, ina sayari saba zinazovutana kama ndugu wa nyumba moja. Kwa kuzipima nyakati za kupita kwake, wataalamu wamekadiria uzito wa kila moja. Ukubwa wake hujulikana kwa kiasi cha nuru inayozuiwa. Ukijua ukubwa na uzito, waweza kupambanua sayari ya mawe na sayari ya gesi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, si kila kuchelewa ni ishara ya aliyejificha. Mwaka 1676 Ole Rømer wa Denmark, akiwa kazini Paris, alieleza kwa nini mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii ulionekana kuchelewa kadiri Dunia ilivyojitenga na Mshtarii. Hapakuwa na kitu kingine kilichouvuta. Nuru yenyewe ilikuwa na safari ndefu zaidi ya kutufikia, jambo ambalo wengi wakati ule hawakuliamini. Hata leo madoa yaliyo juu ya nyota huweza kumdanganya mpimaji. Kwa sababu hiyo, hapana mtaalamu atangazaye sayari mpya kwa kuchelewa kwa mara moja.

Jirani zetu wa Kenya wanayo sehemu yao katika habari hizi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nyota GJ 1214, iliyo umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, imepewa jina la Orkaria, na sayari yake, iliyogunduliwa mwaka 2009, jina la Enaiposha. Majina hayo ni ya lugha ya Kimaasai, yaliyopendekezwa na Wakenya. Enaiposha hupita mbele ya nyota yake kila baada ya siku moja na saa 14 hivi. Watafiti wamezipima nyakati zake mara nyingi, nao hawakukuta mabadiliko ya kutosha kuashiria jirani. Wala hawakuona kuwa wamepoteza kazi bure, kwani waliweza kusema ni sayari nzito za namna gani ambazo hazipo karibu nayo. Neno lao la "shwari" lilikuwa na uzito kwa kuwa lilitanguliwa na hesabu.

Hilo ndilo tunalowaomba wenzetu walioko malindoni, tangu Vurra hadi Oraba, walichukue. Lori likichelewa siku moja, huenda ni pancha au mvua. Kumkamata dereva kwa hilo pekee ni kumwonea. Likichelewa kila Jumanne kwa dakika zile zile, pana jambo la kuulizwa. Lakini hapana awezaye kuliona jambo hilo iwapo mlinzi alikaa kivulini, kisha jioni akajaza daftari kwa saa za kubuni. Mistari hiyo ya uongo itamfikia kamanda ikiwa imeandikwa "shwari", naye atapeleka watu wake njiani akiitegemea. Tuandike saa iliyo kweli, hata pale ambapo kwa macho yetu hakuna kilichotokea.