Kuku mzima katika chungu cha umeme

Wafanyakazi wenzangu, nanyi mama wa nyumbani, leo ukurasa wetu unaacha kofia ya chuma na viatu vya kazi, unaingia jikoni. Msicheke. Mtu anayeshuka shimoni na tumbo linalomkata, ambaye ameharisha mara sita tangu usiku, hana nguvu ya mikono wala akili ya kusikia kengele. Huyo ni hatari kwake mwenyewe, na ni hatari kwa mwenzake anayemtegemea. Mara nyingi ugonjwa wake haukutoka kazini. Ulitoka katika chungu cha jana.

Tumechagua kuku kwa sababu kuku ndiye nyama ya siku ya mshahara na ya kumpokea mgeni. Tena, katika nyumba kadhaa za mji sasa kumeingia chungu kipya, kile cha umeme kinachopika polepole. Wenye nacho wanakisifu, na wana haki. Lakini chungu hiki kina desturi zake, na asiyezijua anaweza kuwaumiza watoto wake kwa chakula kinachonukia vizuri kabisa.

Tazameni kwanza kinavyofanya kazi. Ndani ni bakuli nzito ya udongo uliochomwa, nje ni ganda lenye waya za moto, juu ni kifuniko cha kioo. Resho ya umeme inakula wati 1000 na zaidi. Chungu hiki, kwa moto mdogo, kinakula karibu wati 200 tu. Hakina haraka. Nyama inachukua masaa kabla ya kufika kwenye digri 77 hadi 93, na hapo inakaa. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini kama mvua. Kwa hiyo maji hayapotei, na nyama ngumu inalainika. Kuku wa kienyeji aliyetembea uani miaka miwili ana mishipa migumu; moto mkali unamkaza, moto wa polepole unaigeuza ile mishipa kuwa mchuzi mzito.

Aliyekitengeneza ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1940. Mama yake alikuwa amemsimulia jinsi huko kwao Lithuania watu walivyopeleka vyungu vyao vya maharagi na nyama katika tanuri la mwoka mikate, vikalala humo usiku kucha, ili siku ya Sabato wasiwashe moto. Mwaka 1971 kampani ya Rival ilikiuza kwa jina la Crock-Pot, na jina likaenea. Bibi zetu waliolaza chungu cha maharagi juu ya majivu ya moto hawatashangaa na habari hii.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Mikrobi, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinapenda joto la katikati: kati ya digri 4 na digri 60. Chini ya hapo vinalala, juu ya hapo vinaanza kufa. Nyama mbichi ya kuku mara nyingi inabeba salmonela na kampilobakta. Moto mkali wa mbabula unavuka lile joto la katikati upesi. Chungu cha umeme kinalivuka polepole, kama mzee anayevuka barabara. Ukimsaidia, atavuka salama. Ukimcheleweshea njiani, basi umewapa mikrobi nafasi ya kuzaana.

Kinachomchelewesha zaidi ni barafu. Kuku wengi wa masoko yetu wametoka katika kongelateri, wagumu kama jiwe. Kamwe usitie kuku wa barafu katika chungu hiki. Nje atakuwa ameiva na ndani, karibu na mfupa, bado ni baridi, na kati ya hapo mikrobi wanafanya karamu. Kama una frigo, mweke kwenye sahani yenye kingo, sehemu ya chini kabisa, tangu jana yake: kuku wa kilo moja na nusu anahitaji siku nzima. Kama huna frigo, mfunge katika mfuko usiopitisha maji, umzamishe katika ndoo ya maji baridi, ubadilishe maji kila dakika 30. Baada ya masaa mawili au matatu atakuwa amelegea, na hapo hapo apikwe. Kumwacha mezani toka asubuhi mpaka jioni, au kumwanika juani kama nguo, si kuyeyusha, ni kumwozesha.

Jambo la pili litawaudhi mama wengi, nami najua. Usimwoshe kuku mbichi. Wengine watasema: hivyo ni uchafu, mama yangu alinifundisha kuosha. Lakini maji hayaui mikrobi, yanayarusha. Matone yanaruka juu ya sahani, juu ya nyanya za kachumbari, juu ya mkono wa mtoto aliyesimama kando. Moto ndio utakaosafisha. Mfute kwa karatasi, uitupe, kisha unawe mikono kwa sabuni. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate kitunguu cha kuliwa kibichi kabla havijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Ukiona lazima umwoshe, basi umwoshe ndani ya bakuli lenye maji yaliyotulia, si chini ya bomba linaloruka, na bakuli lisafishwe kwa sabuni baadaye.

Upishi wenyewe ni mwepesi. Ingiza mkono ndani ya kuku, toa kile kifuko cha maini na filigisi. Kuku wengi wa kiwandani wanafichwa hivyo, na mara nyingi kifuko ni cha plastiki. Usimjaze kitu ndani, wala mkate wala wali, maana ule mzigo unazuia moto usifike katikati. Mkaange kidogo katika mafuta ili ngozi ipate rangi, kwa sababu chungu hiki hakikaangi, kitakupa ngozi nyeupe kama ya mgonjwa. Tandika vitunguu na karoti chini, mlaze kuku juu yake kifua kikiangalia chini, tia chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ukipenda, nyanya mbili, na kikombe kimoja tu cha maji ya moto. Akiwa ndani, chungu kiwe kimejaa zaidi ya nusu lakini kisizidi theluthi mbili. Washa moto mkubwa saa ya kwanza. Baadaye unaweza kushusha.

Kwa moto mkubwa, kuku wa kilo moja na nusu anachukua masaa matatu hadi manne. Kwa moto mdogo, masaa sita hadi manane. Vitabu vya chungu vimeandikwa kwa watu wa nchi za chini. Sisi tunakaa juu: Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya mita 1400. Huku maji yanachemka kwenye digri 95 au 96, hayafiki 100. Kwa hiyo ongeza nusu saa au saa nzima, na kwa kuku wa kienyeji ongeza zaidi. Kifuniko kisifunguliwe kila dakika ili kuonja: kila ukikifungua, joto linatoka, nalo linachukua karibu dakika 20 kurudi. Mwenye pua ndefu ale mkate akingoja.

Ameiva lini? Njia ya hakika ni termometri ya nyama, ile yenye sindano. Ichome katika paja, mahali penye nyama nyingi, isiguse mfupa. Ikionyesha digri 74, kuku ameiva. Asiye nayo atazame hivi: mguu unazunguka wenyewe ukiuvuta, maji yanayotoka kwenye paja ni meupe bila damu, na nyama karibu na mfupa si laini kama mpira. Ukiwa na shaka, ongeza nusu saa. Kuku aliyepikwa mno hajapata kumleta mtu kwetu dispanseri.

Haya, na umeme ukikatika? Swali hili ndilo kubwa katika miji yetu. Kama uko nyumbani, usingoje urudi. Hamisha kila kitu katika sufuria, weka juu ya mbabula, chemsha mpaka kiive. Kama kuku alikuwa ameshaiva, anaweza kukaa masaa mawili kwenye joto lake, kisha aliwe au awekwe baridi. Lakini kama mlikuwa wote nje, mmoja kazini, mwingine sokoni, na hamjui umeme ulipotea saa ngapi na kurudi saa ngapi, basi hata kama chungu ni cha moto mnapofika, mtupe huyo kuku. Najua bei ya kuku. Najua pia mchuzi utakuwa unanukia. Mikrobi nyingine zinaacha sumu ambayo haifi hata ukichemsha tena. Wenye saa ya umeme ya namba wana shahidi: ikipepesa, umeme ulikatika. Wengine waulize jirani. Na dawa iliyo bora ni kupika siku ambayo kuna mtu nyumbani.

Hapa lazima nisimame kidogo juu ya mbabula, kwa sababu ndiyo inayoua. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa huku ni baridi kali. Mama ana chungu kinachopika polepole, umeme umekwenda, mvuke wa chakula ni mzuri, na watoto wanatetemeka. Anaingiza mbabula ndani, anafunga mlango, anaacha kuku aive na nyumba ipate joto. Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Moshi umekwisha, makala ni mekundu na mazuri, ndipo watu wanadhani hatari imekwisha. Gazi bado inatoka. Inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko hewa safi, na damu haibebi tena uhai. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hasikii hata hayo.

Ninyi wa chini ya ardhi mnaijua sheria hii. Baada ya kulipua mwamba, hakuna anayeingia mpaka mashini za upepo zimesafisha. Gazi ile ile ni moja ya zile mnazozikimbia kule. Kwa nini umngoje kapita akuruhusu shimoni, halafu nyumbani uwafungie watoto nayo? Mbabula ipikie nje, au barazani, na usiku izimwe au ibaki nje. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye makala, fungua mlango, mtoe nje upesi, kisha ita msaada. Usikae ndani kumwamsha, utaanguka juu yake.

Tumalize na mabaki, maana kuku mzima haishi mara moja. Usiache chungu kizima kipoe chenyewe mpaka asubuhi. Kuna mikrobi moja, klostridia, yenye mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Sufuria kubwa ikipoa polepole, zinaamka na kuzaana upesi sana, na baada ya masaa 6 hadi 24 tumbo linakata na kuharisha kunaanza. Gawa nyama na mchuzi katika vyombo vidogo visivyo na kina, vipoe haraka, vifike katika frigo kabla ya masaa mawili. Ukipasha moto, pasha juu ya resho mpaka mchuzi uchemke kweli. Chungu cha polepole si cha kupashia. Na maharagi mekundu, kama unataka kuyapika humo, yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu nusu saa katika sufuria nyingine kwanza. Yana sumu yao ambayo moto mdogo hauiui.

Wa kazi ya usiku, gameli yenu inanitia wasiwasi. Kuku na bukari vilivyofungwa saa mbili ya jioni na kuliwa saa nane ya usiku, ndani ya kabati lenye joto, vimekaa masaa sita. Mwenye termosi ya mdomo mpana aijaze maji yanayochemka kwanza, ayamwage, atie mchuzi unaochemka, afunge. Asiye nayo abebe mkate, karanga, ndizi, na kuku amngojee nyumbani.

Kama tumbo limekwisha kushika, chemsha litri moja ya maji, yakipoa tia vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo siku nzima. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Damu katika choo, homa kali, macho yaliyozama, mkojo uliokauka, au mtoto asiyetaka kunywa: mlete siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na wewe mwenyewe ukiharisha, mwambie kapita kabla hujashuka, kisha pita kwetu. Mpishi wa kantini aliye na ugonjwa huo asiguse chungu mpaka zipite siku mbili tangu alipopona.