Chembe "Zisizopambanuliwa" au "Zisizopambanulika"?

Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili habari za elektroni, fotoni na chembe nyingine ndogo mno hutatizwa na neno moja kuliko mengine. Neno hilo si jina la chembe, bali ni la sifa yake: kwamba chembe mbili za aina moja haziwezi kujulikana ipi ni ipi. Katika makala haya tunakusudia kueleza sifa hiyo, kisha tupendekeze istilahi inayoifaa.

Tuchukue mfano wa kete mbili za bao na mashimo mawili. Kete ni chembe, na shimo ni hali ambamo chembe yaweza kuwamo. Kete moja tuipake rangi nyekundu na ya pili nyeupe. Tukizitia mashimoni bila kuchagua, mipangilio iwezekanayo ni minne: zote katika shimo la kwanza, zote katika la pili, nyekundu la kwanza na nyeupe la pili, au kinyume chake. Hizo ni mfano wa chembe zinazopambanulika, na uwezekano wa kukaa pamoja ni nusu.

Sasa tuseme kete hizo hazina alama, wala haiwezekani kabisa kuzitia alama. Mipangilio miwili ya mwisho huwa mmoja, na jumla hupungua kuwa mitatu. Kila mpangilio ukiwa na uwezekano sawa, uwezekano wa kukaa pamoja ni theluthi mbili. Chembe zenye tabia hii, fotoni ikiwa mojawapo, huitwa bosoni. Ikiwa tena ni mwiko kete mbili kukaa shimo moja, hubaki mpangilio mmoja tu. Hizo ndizo femioni, kama elektroni. Mwiko huo ulielezwa na Wolfgang Pauli mwaka 1925.

Hesabu ya bosoni iliasisiwa na Satyendra Nath Bose, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dhaka, ambaye mwaka 1924 alimpelekea Albert Einstein makala yake. Einstein akaitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa. Ile ya femioni ilitolewa mwaka 1926 na Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja kwa njia yake. Dirac ndiye aliyebuni majina hayo mawili, kwa heshima ya Bose na Fermi. Kwa kuwa yametokana na majina ya watu, tunaona yatoholewe tu, yakifuata mfano wa elektroni na protoni: bosoni hii, bosoni hizi. Mwisho wake wa -ni hautamfanya msomaji adhani ni mahali.

Ugumu umo katika ile sifa. Wengine husema "chembe zinazofanana". Neno hili halitoshi: pacha hufanana, lakini mama yao huwapambanua. Wengine husema "zisizopambanuliwa". Hili lina hatari zaidi, kwa sababu kauli ya kutendwa humdokeza mtendaji: labda hakuwa na darubini nzuri, na kesho atakuja mwingine mwenye nzuri zaidi. Lakini kutojua kwetu hakupunguzi mipangilio. Kete mbili zinazofanana machoni petu bado huanguka kwa njia nne. Bosoni zina tatu kwa sababu maumbile yenyewe hayana ya nne.

Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hili barabara, nayo ni kauli ya kutendeka. Maji yasiyonywewa huenda ni matamu, ila hakuna mwenye kiu. Maji yasiyonyweka yana ila ndani yake. Vivyo hivyo, chembe zisizopambanulika haziwezi kupambanuliwa na yeyote, kwa chombo chochote.

Kwa hiyo tunapendekeza "chembe zinazopambanulika" na "chembe zisizopambanulika". Herufi moja tu inatenganisha -liwa na -lika, lakini mwanafunzi akiikosea, atakuwa ameikosea fizikia yenyewe. Tunawaomba walimu wayapime maneno haya darasani, kisha watupe maoni yao.