Asta: Mkato wa Juni, Maua ya Oktoba

Kila anayechuma mchicha anajua kwamba ukikata kichwa, mmea haufi. Siku chache baadaye vichipukizi viwili vitatu hutokeza chini ya kidonda. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomfaa anayetaka kupanda nyumbani asta ya New England, ua refu la porini la Amerika Kaskazini.

Asta ni ya ukoo wa alizeti. Lisogeze ua lake karibu na macho utagundua kuwa si ua moja: kitovu cha njano ni vijiua vingi vilivyobanana, na kila unachodhani ni petali ya zambarau ukingoni ni kijiua kinachojitegemea. Huchanua kati ya Agosti na Oktoba, majani ya miti yanapoanza kupukutika na maua mengi yameshakwisha. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Vipepeo wa monaki, walio safarini kuelekea milima ya Mexico kukwepa baridi, hupata mbochi njiani, na nyuki hupata mlo wa mwisho wa mwaka.

Tatizo ni urefu. Mmea huu hufikia mita moja hadi karibu mbili. Porini haulalamikiwi, kwa sababu nyasi na mimea jirani huushikilia na kuuficha miguu. Bustanini husimama peke yake kwenye udongo ulioshiba mbolea, ukarefuka upesi, kisha mvua moja kubwa ikaulaza chini. Majani ya chini nayo hukauka kabla maua hayajafunguka. Ndiyo maana samadi nyingi huuharibu badala ya kuusaidia, na ni busara kuupandia mimea mifupi mbele yake.

Dawa kubwa, hata hivyo, ni mkasi. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ukiikata ncha, kizuizi huondoka na matawi hutoka. Wachuma chai wa Mufindi na Kericho hufanya hivyo mwaka mzima: mchai ukiachwa huwa mti, ukichumwa ncha hubaki kama meza.

Mashina yakifika kama sentimita 30, mwishoni mwa Mei au Juni, kata theluthi moja ya juu. Unaweza kurudia mara moja, lakini mwanzoni mwa Julai weka mkasi chini. Wakulima wengi wa bustani Marekani hukumbuka kwa sikukuu ya uhuru, tarehe 4. Huko kaskazini, baada ya siku ndefu kuliko zote, karibu na Juni 21, usiku huanza kurefuka, na kwa asta hiyo ni ishara ya kuandaa matumba. Anayekata Agosti anakata maua yenyewe.

Mengine ni mepesi. Upe mmea jua la saa sita au zaidi na udongo wenye unyevu. Acha nafasi ya hewa kati ya mashina, la sivyo ukungu mweupe utatanda kwenye majani. Mbegu huota vizuri zikishapitia baridi: zimwage nje kabla ya majira ya baridi, au zihifadhi kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa mwezi mmoja au miwili. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, majira ya kuchipua, ng'oa mmea mzima, uugawe na kupanda upya vipande vya pembeni vyenye nguvu.

Ukiwa bado una shaka na mkasi, kata mashina ya mbele tu na kuyaacha ya nyuma. Marefu yatatangulia kuchanua. Mafupi yatafuata baadaye kidogo, yakiwa na matawi mengi na yamesimama wima. Kipepeo atakayechelewa safari bado atakuta mlo.