Mteja wa nyamapori huuliza jina kwanza

Muuza nyama ya ng'ombe hana haja ya kumtaja ng'ombe. Mteja anafika dirishani, anaonyesha kidole, anasema nipe nusu, weka na mfupa kidogo, biashara imekwisha. Kwenye bucha la nyamapori mizani haiguswi kabla swali halijajibiwa: huyu ni mnyama gani? Likitajwa swala, pofu au nyati, mtu anasogea. Likitajwa pundamilia, sikio limeshakata neno katikati na kubaki na punda. Unaweza kumweleza mteja mpaka jioni kwamba huyu wa porini ni mnyama mwingine kabisa. Hofu ya kulishwa punda ni ya zamani katika miji yetu na haiondolewi kwa maelezo ya dirishani. Nyumbu naye ana mkosi wake. Jina lake siku hizi limekuwa tusi la mtu anayefuata mkumbo, na ni shida kumuuzia mtu kitoweo chenye jina la tusi.

Naanza na majina kwa sababu mjadala wa biashara hii hapa Tanzania umekuwa ukienda kana kwamba kilichokosekana ni ruhusa tu. Ruhusa ilipatikana. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza wananchi wawezeshwe kula nyamapori kihalali, na mwaka uliofuata, Dk. Hamisi Kigwangalla akiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, zikatoka kanuni za uuzaji wa nyamapori. Mabucha yakaanza kusajiliwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Sasa mtu wa mjini aliweza kununua swala mchana, kwa risiti, na kumbeba kwenye mfuko wa wazi. Ni hatua kubwa, na niliifurahia. Lakini fikra za mlaji hazibadilishwi na kanuni, na mwenye bucha anayedhani anauza nyama tu atashangaa kwa nini nyama haitoki kwenye jokofu lake.

Chukua sifa ambayo wauzaji wengi huitanguliza, kwamba nyamapori haina mafuta. Ni kweli. Nyama ya swala pala au pofu kwa kawaida ina mafuta yasiyozidi asilimia 3 hivi, kwa sababu mnyama wa porini hutembea kutwa na hanenepeshwi. Kwa mtu aliyetoka hospitali na onyo la moyo au shinikizo la damu, hiyo ni habari njema. Ila sikiliza Kiswahili chetu chenyewe kinavyosifia nyama. Husema imenona. Mbuzi wa sherehe ni aliyenona, na mchomaji mzuri hutambulika kwa mafuta yanayodondoka kwenye mkaa na kuita watu kwa harufu. Nyama isiyo na mafuta tunaiita kavu, na mnyama asiye na mafuta tunasema amekonda. Kwa hiyo muuzaji anayepaza sauti kwamba bidhaa yake haina mafuta anawaambia nusu ya wateja wake, kwa lugha yao wenyewe, kwamba anauza nyama iliyokonda.

Tena mteja akiipeleka nyumbani na kuibandika kama anavyobandika ng'ombe, au akiitupa juu ya jiko la mkaa kama mbuzi, itamkaukia na kuwa ngumu, na hatarudi. Wenye mazoea nayo hawaipiki hivyo. Bara huibanika kwa moshi au kuianika kwanza, kisha huichemsha taratibu mpaka ilegee na kuiunga kwa karanga. Kusini na Pwani huungwa kwa tui la nazi. Karanga na nazi si mapambo: ndizo zinazorudisha mafuta ambayo mnyama hakuwa nayo. Ujuzi huo uko kwa mabibi wa Tabora, Singida na Lindi, na sijui kwa nini mwenye bucha asimwajiri mmoja wao siku ya Jumamosi awapikie wateja waonje. Angeuza kuliko bango lolote la afya.

Kuna jambo zito zaidi ya upishi. Kwa jamii nyingi za wafugaji, kula mnyama wa porini kulikuwa dalili kwamba mtu hana kitu. Wamaasai ndio mfano unaojulikana zaidi. Neno lao ambalo sisi tumelichukua kuwa Ndorobo lilimhusu mtu asiye na ng'ombe, anayeishi kwa kuwinda, na halikuwa la heshima. Ndiyo sababu mifugo yao na makundi ya nyumbu vimekula majani bega kwa bega kwa vizazi bila mikuki kuwageukia nyumbu kwa ajili ya chakula. Hata hivyo walikuwa na mwanya: pofu na nyati, kwa kuwa wanafanana na ng'ombe, waliweza kuliwa siku za njaa bila aibu kubwa. Mfanyabiashara makini angeutazama mwanya huo vizuri. Unaonyesha ni nyama ipi itakayokubalika kwanza Arusha au Manyara, na kwa nini.

Upande wa pili wako Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao uwindaji kwao ndiyo maisha, na Wasandawe waliokuwa wawindaji kabla ya kuwa wakulima. Na kila mahali kuna miiko ya ukoo. Shangazi yangu hakuruhusu mbawala aingie kwenye sufuria yake, wala hakutoa sababu zaidi ya kwamba kwao haliwi. Swala alimla bila neno. Buganda mambo haya yamepangwa wazi kabisa: mtu wa ukoo wa Ngabi hali mbawala, mnyama anayebeba jina la ukoo wake, na wa ukoo wa Mbogo hali nyati. Bucha likiandika "nyamapori" tu kwenye kifungashio, limewafukuza wote hao kwa mpigo, maana hawatabahatisha.

Halafu kuna swali ambalo Pwani ndilo la kwanza: nani amechinja? Ngiri na nguruwe pori kwa Mwislamu hawana mjadala, na wengi hawatanunua hata swala aliyekatwa kwa kisu kilichopita kwa ngiri. Kwa mnyama halali, sheria ya Kiislamu inao utaratibu wa uwindaji: jina la Mwenyezi Mungu hutajwa wakati wa kufyatua silaha, na mnyama akifikiwa angali hai huchinjwa. Lakini mteja wa Tanga hakuwepo porini kusikia bismillahi. Anachohitaji ni mtu wa kumwamini.

Hapa historia ina funzo la kibiashara. Wawindaji wa Kizungu wa mwanzoni mwa karne ya 20 walilalamika mara kwa mara juu ya wapagazi wao Waislamu, waliokimbia kumwahi mnyama aliyeanguka ili wamchinje kabla roho haijatoka. Kisu kilipita shingoni, mahali palepale ambapo mwindaji alitaka ngozi ibaki nzima kwa ajili ya kichwa cha kutundika ukutani. Uwindaji wa kitalii bado upo nchini, na mgeni bado huondoka na pembe, kichwa na ngozi. Nyama hubaki, na kanuni zinaiona kuwa mojawapo ya njia za kulisha mabucha. Basi shingo moja ina wateja wawili, na asiyelipa dola ndiye anayeshindwa. Bila mtu kukaa na kampuni za uwindaji kukubaliana namna ya kuchinja, na nani ashuhudie, nyama nyingi itafika sokoni ikiwa imeshapoteza wanunuzi wa ukanda mzima wa Pwani.

Tunao mfano wa nyama iliyotoka kwenye aibu ikawa biashara: kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Majina yake ya mtaani, pamoja na lile la mbuzi katoliki, yalizaliwa na hali ya kula kwa kujificha. Leo Dar es Salaam ina baa zinazojulikana kwa nyama hiyo tu. Haikuwabadili wasiokula, ilijitenga nao kwa heshima, ikawa na majiko yake, visu vyake, wachinjaji wake na sehemu zake za kukaa, hata asiyekula hana wasiwasi wa kuchanganyiwa. Ngiri anapaswa kufuata njia hiyo hiyo, mbali kabisa na bucha la swala.

Nyamapori nayo ilikuwa na majina ya kujificha. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2008, kuhusu kambi za wakimbizi za kaskazini magharibi mwa Tanzania, ilieleza kwamba nyama hiyo iliitwa mchicha wa usiku, kwa kuwa iliuzwa na kupikwa giza likishaingia. Wakimbizi waliozoea nyama katika maisha yao walikuwa wakipewa mgao wa maharage na mahindi, na pori lilikuwa jirani. Soko la gizani halijafa. Linauza bila jina la mnyama, bila daktari wa mifugo, na linaweza kuuza mzoga. Mwaka 2004 kimeta kiliua mamia ya viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda; anayenunua nyama usiku hawezi kujua mnyama wake alianguka kwa risasi, kwa tanzi au kwa ugonjwa. Na sheria haina masihara: wapo waliohukumiwa vifungo vya miaka 20 kwa vipande vya nyama visivyojaza sufuria. Kwa hiyo risiti ya bucha ni sehemu ya bidhaa. Mimi ningeichapa kubwa, yenye jina la mnyama, mahali alikotoka na tarehe, mteja aiweke kabatini hata kitoweo kikishaliwa.

Kenya walikwenda njia nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hata hivyo hoteli ya Carnivore, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1980, iliwalisha watalii nyama za porini kwa miaka, na ranchi ya David Hopcraft kwenye mbuga za Athi ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wake. Majaribio ya kuvuna wanyama kwenye ranchi binafsi yaliposimamishwa mwaka 2003, nyama ya porini ikatoka mezani; wakabaki mamba na mbuni wa kufugwa. Mgeni hula mamba mara moja ili akasimulie kwao. Mtu wa Nairobi hamfanyi mamba kitoweo cha Jumatano. Biashara inayosimama juu ya simulizi huanguka ndege zikipungua, na ndiyo maana siwashauri wenye mabucha yetu waanze na hoteli za kitalii.

Mbuni anafundisha zaidi. Oudtshoorn, Afrika Kusini, alifugwa kwa manyoya mpaka soko lilipoporomoka mwaka 1914. Nyama yake, nyekundu kama ya ng'ombe na karibu haina mafuta, ilipata wateja wengi Ulaya pale ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipowatisha watu katika miaka ya 1990. Mafua ya ndege ya mwaka 2011 yakaufunga mlango huo. Bado wafugaji wapo, kwa sababu ndege ni wao. Na kwa wanyama wengine nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1991 inayomtambua mwenye shamba lenye uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama walio ndani yake. Mashamba ya wanyamapori yanakadiriwa kufika 9,000, na kudu na springbok wanauzwa madukani bila yeyote kuuliza wametoka wapi.

Kwetu wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na sitaki hilo liguswe. Ndilo lililotuachia Serengeti. Lakini ranchi za wanyamapori zinaruhusiwa, na hapo ndipo ningetaka kuona benki na halmashauri zikitazama. Bucha linalotegemea vibali vya uwindaji lina nyama kwa msimu na kodi ya pango kwa miezi yote 12. Dume la pofu linaweza kufika kilo 900, anavumilia ukame, anakubalika kwa Mmaasai na kwa Mwislamu, na jina lake halimfukuzi mtu. Akiwa ndani ya uzio atachinjwa kwa kisu, mbele ya shahidi na daktari, siku inayojulikana. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 9 na huzaa ndama mmoja. Anayetaka kuuza pofu mfululizo baada ya miaka 5 anapaswa kununua majike mwaka huu.