Rupia Mbili za Kaisari

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akimuuliza mteja kama ana hela kamili, huenda hajui kwamba ametaja mji wa Ujerumani. Neno hilo lilitokana na Heller, kijisarafu cha shaba kilichoanza kutengenezewa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1904, vipande 100 kwa rupia moja. Wajerumani wenyewe walilipata jina hilo kutoka Hall, mji wa kusini mwa nchi yao uliotengeneza vijisenti vya aina hiyo tangu Zama za Kati. Waswahili wakakata herufi ya mwisho, mambo yakaendelea.

Hela ilichorwa taji tu. Mwenye taji alikuwa kwenye rupia.

Kaisari Wilhelm II alirithi kiti mwaka 1888, akiwa na miaka 29. Miaka miwili baadaye Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikatoa rupia yenye sura yake: masharubu, na kofia ya chuma iliyotuliwa na tai juu. Pembeni aliandikwa kwa Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR, lugha ambayo hakuna muuza samaki wa pwani aliyeihitaji. Upande wa pili alisimama simba mbele ya mnazi. Pesa ya shaba ya kampuni hiyo ilikuwa na adabu zaidi, maana upande mmoja iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo watu wa pwani walizisoma.

Kwa nini rupia, si fedha ya Berlin? Kwa sababu biashara ya Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam ilikwisha kuzoea rupia ya India, yenye kichwa cha Malkia Victoria. Mfanyabiashara hakujali kichwa cha nani, alijali mizani. Ndiyo maana rupia ya Kaisari ilipewa uzito uleule wa ile ya Kihindi, gramu 11.66. Mtawala mwenye majivuno kuliko wenzake wa Ulaya alilazimika kuvaa kipimo cha bibi yake mzaa mama, kwani Victoria alikuwa bibi yake kweli.

Rupia moja bado zinaonekana. Inayotafutwa ni ya rupia mbili: pande kubwa la fedha la gramu 23.32, lililotengenezwa mwaka 1893 na 1894 tu. Ilikuwa nzito mno kwa soko ambalo watu wengi walinunua kwa pesa mojamoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja na meli za Ujerumani zikazuiwa, wakoloni walitengeneza sarafu zao Tabora mwaka 1916. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na vipande 16,198 vya rupia 15 vikatoka. Kaisari hayumo. Aliyechorwa ni tembo, na nyuma yake milima. Septemba mwaka huohuo Waingereza waliingia Dar es Salaam na Wabelgiji wakaiteka Tabora.

Habari za Kariakoo zinasimulia kwamba jengo ambalo Wajerumani walilisimamisha pale mwaka 1914 lilikusudiwa kwa sherehe za Kaisari huyohuyo. Sherehe haikufanyika. Mahali pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikamalizia jina. Wilhelm aliachia kiti mwaka 1918, akafia Uholanzi mwaka 1941 bila kuikanyaga Dar es Salaam.

Kwa hiyo anayekuta rupia kubwa kwenye kasha la marehemu babu asiisugue kwa majivu wala ndimu. Weusi wake ni sehemu ya thamani. Aipime kwanza, kisha aijaribu kwa sumaku: fedha halisi hainasi. Na asiiache kwa sonara kabla haijaonwa na mjuzi wa sarafu. Sonara hununua fedha kwa gramu, na kwenye chungu chake rupia mbili za mwaka 1894 huyeyuka sawasawa na bangili iliyokatika.